Kapita na Bukwe ya Yaya Mireille

Haya ya ile siku ningali nayo mpaka leo, na fasi yake inajulikana: ku tako yangu ya kuume, alama mbili, na ku masomo bananiombaka nibaonyeshe.

Imbwa yetu Kapita (baba alimupa ile jina juu anatembeaka mu lupango, mu kiwanja yetu, sawa kapita, musimamizi wa kazi ku mugodi, anaangalia tu bengine banatumika) hakukuwa mukali hata kidogo, kuku ilikuwa inalala ku mugongo yake. Kiisha, siku moja, bila mutu kumukosea, akaanza kunguruma kila tukimugusa kichwa. Mama akasema, "Ule imbwa anagonjwa, ambia baba yako." Mi sikuambia mutu. Mu quartier, mutaa yetu, banasemaka imbwa akikula pilipili anakuwa mukali, na mi nilikuwa namutilia pilipili mu bukari, ugali yake, tangu Pasaka, basi nikaona ni kazi yangu, nikaenda kujisifu ku masomo kama niko mwalimu wa baimbwa.

Siku ya Mungu, kiisha misa, batu ya Serge, muchumba wake, bakakuya kuomba yaya yangu Mireille, dada yangu mukubwa. Munajua desturi: bibi-arusi anajificha mu chumba mpaka bamwite, akitoka mbele ya wakati ni kusema iko na haraka ya bwana, na baba yake anapata haya. Baba aliniambia nifunge Kapita nyuma ya nyumba. Mi nikamufunga mbele, pembeni ya biti ya bageni (na kamba ya kiatu), juu bukwe baone kama hatuko batu badogo.

Tata Ilunga, musemaji wao, akasimama na suti yake ya kaki. Hata salamu hajamaliza, Kapita akanguruma.

"Musiogope, tata," nikasema. "Mi njo namufundishaka. Angalieni."

Nikamushika kichwa.

Kamba ikakatika, nikageuka kukimbia, na Kapita akaniuma ku tako. Patalo ya masomo ikapasuka, na ndani nilivaa kaputula ya zamani ya yaya, ya rangi ya roze, kwa sababu ile yangu ilikuwa haijakauka (mama anafulaka yote siku moja). Nikazunguka meza, nalia sawa mbuzi, bamama ya bukwe banapanda juu ya biti na biatu mu mikono.

Mulango ya chumba ikafunguka. Yaya Mireille, nywele nusu imesukwa, akatupa kikwembe ku kichwa ya Kapita, akamukalia.

"Kapita, tulia. Na weye, kijinga, funika matako."

Baba alikuwa anaangalia chini. Yaya akaelewa iko fasi gani: mbele ya bukwe yote, juu ya imbwa, hakuna mwenye alimwita. Machozi ikamujaa.

Tata Ilunga akakaa, akapanguza suti.

"Tulikuya na maneno mingi," akasema. "Lakini mwanamuke mwenye anaweza huyu imbwa, ataweza Serge."

"Na Serge naye hasikiaka," mama ya Serge akajibu, angali juu ya kiti.

Baba njo wa kwanza kucheka.

Bakanipeleka ku hospitali mu gari yao, nimelala kifudifudi pembeni ya mbuzi yenye balileta. Sindano ya kichaa ya imbwa haikuwa moja. Munganga wa nyama, mwenye anaponyaka baimbwa na mbuzi, naye akafungula sikio ya Kapita: ndani usaha, na kupe mukubwa sawa kunde. Pilipili haikufanya kintu. Alikuwa anaumwa tu, na mi nilikuwa najisifu.

Kapita amepona, kuku imerudia ku mugongo yake. Ndoa inakaribia, na tata Ilunga anasema hotuba yake itaanza na kaputula ya roze. Imbwa akibadilika tena, nitaambia mama hata mbele ya kuonja chai. Na nguo, sasa najifulia miye mwenyewe.