Kalamu ya Bwana

Katekista wa kijiji kile cha ujamaa, upande wa Sikonge, alikuwa na viganja vyeusi vya mrina asali. Kabla ya kufungua kitabu alivifuta kwenye suruali, akavitazama, kisha akavifuta tena. Sauti yake ilikuwa nzito na ya upole, ila ulimi wake wa Kinyamwezi haukupatana kabisa na r. Jumapili hiyo Pelagia alikaa nyuma kanisani na wenzake wa chuo cha ualimu, waliokuja kuvuna tumbaku ya kijiji. Hakuwa amewaambia kuwa hapo ndipo kwao. Moyoni alikuwa akiomba leo lisije likatokea neno karamu.

“Padle anakuja Jumapili ijayo,” akatangaza katekista. “Tujiandae kwa kalamu ya Bwana.”

Wanachuo wakaangua kicheko. “Wa wapi mzee huyu?” mmoja akanong'ona. “Simjui,” Pelagia akajibu, naye akacheka, akacheka kuwapita wote. Katekista akainua macho, yakatua kule nyuma. Akavifuta viganja. “Nimekosea tena. Basi hata mimi ni kalamu yake, mbovu hivi hivi. Hajanitupa, bado anaandikia.”

Ibada ilipokwisha akasimama mlangoni kuwapa watu mkono. Zamu ya Pelagia ikafika. “Shikamoo, baba,” akasema kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama. Baba yake akawatazama wale wenzake waliokuwa wakimsubiri, akatabasamu.

“Malahaba, mgeni,” akasema. “Kalibu tena.”