Sauti Zilizomuudhi Mkurugenzi

Pale redioni walimwita Usifute, na si kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta, mahojiano, hotuba, hata matangazo ya vifo, ili watakaozaliwa baadaye waje wawasikie bibi zao. Aliyegusa faili bila kumwuliza, Usifute alimkalia kooni mpaka aombe radhi. Chai alikunywa peke yake.

Mkurugenzi mpya aliwahi kuwa mtangazaji hapohapo ujanani. Siku vibanda vya sokoni vilipobomolewa, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, akiwacheka wanawake waliokuwa wakiokota mabati yao. Usifute alikuwa nayo sauti ile, kicheko na vyote.

"Futa matangazo ya mwaka ule," mkurugenzi alimwambia, amesimama mlangoni. "Yanajaza mashine."

"Mashine ina nafasi. Sema unachoogopa."

"Sikuja kubishana na mlinzi wa makaburi."

"Basi rudi ulikotoka. Sifuti."

Kesho yake Usifute alikuta kufuli jipya mlangoni. Fundi wa kompyuta, macho chini, akamwambia mafaili yamefutwa yote, si ya mwaka ule tu, na kwamba Usifute amehamishiwa mapokezi. Usifute hakulia. Alimwambia fundi mikono yake ikauke, akachukua mkoba akatoka.

Kanda zenyewe redio ilizitupa kila zilipokwisha kuhamishwa; nakala ilibaki moja. Marehemu mumewe hakutaka nakala zote zilale mahali pamoja, kwa hiyo diski moja aliipeleka kwa dada yake. Tatizo ni kwamba tangu mazishi mawifi hao hawakusalimiana. Waligombana mbele ya waombolezaji, nani alimuuguza na nani alikuja kula tu.

Wifi alifungua mlango nusu.

"Umepotea njia."

"Nimefuata diski aliyoiacha kaka yako."

"Nilipolazwa hukuja. Leo umekuja kwa kidude."

"Sikuja kwa sababu ulinitukana."

"Na bado nakutukana. Diski ni ya kaka yangu. Humu hukanyagi, na yenyewe huishiki."

Usifute alitamani kumsukuma. Badala yake akamweleza kisa cha mkurugenzi, naye wifi akasikiliza huku amebetua mdomo. Enzi zile alikuwa na kibanda sokoni.

"Ni yule aliyecheka?" aliuliza. Akaingia ndani, akarudi amevaa viatu, diski kwapani.

Walikwenda maktaba kuu, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mkutubi alipoifungua, mafaili mengi yalikuwa yameharibika kwa kukaa miaka bila kuwashwa. Usifute akamwomba ajaribu ya mwaka ule. Ya sokoni yalifunguka. Mkutubi akayanakili, akauliza aandike yametoka kwa nani.

"Kaka yangu," wifi alisema.

"Niliyeyahamisha ni mimi, moja moja."

"Wewe ulilipwa mshahara. Yeye alihifadhi. Andika kaka yangu."

Mkutubi alisubiri, kalamu mkononi. Usifute alimkata wifi yake jicho, kisha akameza machungu yake.

"Andika," alisema.

Mkurugenzi alipopata habari alimfukuza kazi, lakini wanawake wa sokoni walikuwa wameshaanza kwenda maktaba kusikiliza, na wengine walikwenda na wajukuu. Diski yenyewe wifi aliirudisha kabatini kwake, ufunguo anatembea nao. Mpaka leo hawasalimiani. Usifute akiulizwa habari za wifi yake husema mwanamke yule ana roho mbaya, ila kabati lake halina unyevu.