Wajane wa Vitabuni na Mama Mkwe Wangu

Mume wangu alipofariki, mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Luano, alianza kunitumia vitabu vya mapenzi kwenye simu.

"Soma, yaya," aliniandikia, maana mimi ndiye dada mkubwa. "Itakupoesha roho."

Nilisoma, na roho haikupoa. Ilipanda moto. Katika vitabu hivyo mume anakufa ukurasa wa pili, bila jeneza, bila wajomba wa marehemu wanaouliza funguo za gari ziko wapi. Mjane anahamia mji mdogo wenye upepo mzuri, anafungua duka la keki, na kabla chai haijapoa ameshapata bibi kizee mcheshi wa kumkumbatia, mbwa, na seremala mwenye mabega. Wanakaa mezani, mtu anainua glasi na kusema familia ni wale unaowachagua. Mbwa naye anakubali. Kuchagua! Nilicheka mpaka nikakohoa. Na sikuona hata kitabu kimoja ambamo mjane ana mama mkwe.

Mimi nilikuwa naye. Alishuka kwenye treni kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kumzika mwanawe, akiwa na godoro lake, na hakurudi. Nyumba yetu ya mtaa wa Makomeno ina vyumba viwili. Alichukua kimoja na jiko lote. Alihamisha sufuria zangu. Alizima televisheni saa ya rozari, hata kama nilikuwa nimekaa mbele yake naitazama. Bukari yangu, ugali wa kwetu, aliibonyeza kwa kidole kama daktari anayepima uvimbe, akatikisa kichwa, akala yote. Kilichoniudhi kuliko vyote ni koti la marehemu, alilolivaa akienda kumwagilia mchicha wake, lengalenga. Nikimwona kwa nyuma moyo uliruka, halafu ukaanguka.

Kila mtu nilimwambia nahesabu siku. Mwaka ukiisha, ukoo wa mume huja kuondoa matanga: mjane anavuliwa nguo nyeusi, anaambiwa yuko huru, na kila mmoja anarudi kwao. Hatukuwa na mtoto wa kutufunga pamoja. Kaka za mama mkwe wangemchukua, nami ningebaki na vyumba vyangu viwili kwa raha zangu. Ndivyo nilivyojigamba. Ukweli ni kwamba niliogopa, na niliona haya kuogopa kumpoteza mwanamke niliyekuwa nimemsema vibaya mtaa mzima.

Siku ilifika. Wajomba walikula, wakanivua nguo nyeusi, wakahutubia kwa Kifaransa kizito. Kisha mkubwa wao akamgeukia dada yake, mama mkwe wangu.

"Bon, yaya, twende."

Sanduku lake lilikuwa limeshawekwa mlangoni. Lakini hakusimama. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama sahani.

"Mama," nikasema mwishowe, "bakia. Sitaki kubakia miye peke."

Mjomba alikuwa ameshainua sanduku. Alisita, akalishusha, akalifungua. Ndani hamkuwa na kitu.

"Nilikuwa nangoya mukamwana aseme," mama mkwe akamwambia kaka yake.

Nililia mbele ya wageni wote, tena kwa sauti, na haikuwa furaha tu. Mwaka mzima chini ya paa moja, mama huyo aliyemzika mwanawe alikuwa akingoja nimwambie neno moja, na mimi nilimnyima.