Choo Ambacho Baba Hakukikalia

Maduka ya Majengo yalipoanza kujaa vitu vya nje, baba alienda kuchagua choo cha kukaa kwa ajili ya bibi yangu mzaa mama, aliyeishi nasi na ambaye magoti yalishamkatalia kuchuchumaa. Alivikalia vyote palepale dukani, muuzaji akanuna, mpaka akapata kisichoyumba.

Kilipofungwa ndani, bibi akagoma. "Nikalie kimoja na mkwe wangu? Sina haya?"

Baba akamwachia kiwe chake peke yake, yeye akaendelea na choo cha shimo uani.

Bibi alipofariki nikamwambia baba sasa akitumie. Akanitazama kama nimemtukana, akachukua kopo lake la maji, akatoka.

Leo baba naye hayupo. Choo kile bado hakiyumbi, nami kila asubuhi natega sikio nisikie ndala zake zikiburuzika kwenda uani.