Rangi ya Cheche

Mume wangu alikuwa mwinjilisti wa usharika wetu kule Marangu, na kazi yake yote ilitegemea pikipiki moja kuukuu aliyorithi kwa mwinjilisti aliyemtangulia. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Pikipiki sikuwa na habari nayo, ila kumwomba asiiwashe karibu na nguo za watu nilizoanika.

Miaka ile ya baada ya vita vya Kagera hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sembuse vipuri. Pikipiki ilipoanza kuzimazima, tuliona ni mambo ya wakati. Asubuhi iliwaka bila shida, ikateremka vizuri mpaka Himo. Taabu ilikuwa kurudi. Injini ikishapata joto kwenye mlima, ilikohoa, ikalipuka kama gobori, ikanyamaza. Mume wangu aliisukuma hadi nyumbani, akaingia kihambani katikati ya migomba akiwa amelowa jasho, wala halalamiki.

Alikuwa anaijua vizuri. Kila alipopata nafasi alifungua plagi, akaiacha kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, kisha akapiga kiki huku ameinama. Plagi ikiwa nzima, na umeme unafika, utaona cheche inaruka pale nchani. Kila mara aliinuka akasema, "Haitoi moto." Akaisugua kwa msasa. Akabadilisha waya. Akaazima koili, ile inayotoa umeme wa plagi, kwa rafiki yake wa kijiji cha Kilema, akaifunga, akairudisha. Haitoi moto. Wazee wa usharika wakaanza kuongea juu ya kuiuza kama chuma chakavu, naye awe anatembea kwa miguu.

Mchana mmoja nilitoka kumwita aje ale mtori wa ndizi kabla haujapoa. Nikamkuta ameinama palepale, mkono mmoja umeshika plagi, mguu unatafuta kiki.

"Mama, hebu nishikie hii," akasema. "Shika kwa kitambaa, isije ikakurusha."

Nikachuchumaa, kivuli changu kikaiangukia injini. Akapiga kiki. Nikaona kitu chembamba kimeruka na kupotea.

"Si hiyo hapo," nikasema.

"Nini?"

"Cheche."

Akapiga tena. "Hakuna kitu."

"Ipo, Baba. Naiona."

Akapiga magoti kando yangu, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, akaisukuma kiki kwa mkono. Cheche ikaruka mbele ya macho yake kabisa. Nilikuwa namtazama yeye sasa, siitazami plagi. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alikuwa bado anasubiri.

Hapo ndipo mambo mengi yaliponijia kwa pamoja. Mzee jirani yetu alikuwa amelalamika kwamba mwinjilisti siku hizi anampita njiani bila salamu, na mimi nikamtetea kwamba ana mawazo mengi. Kamba ya mbuzi ilikuwa imemwangusha mara kadhaa, nikawalaumu watoto kwa kuifunga njiani. Nyimbo zote kanisani alikuwa akiziimba kwa kukariri, kitabu kimefungwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakujifanya hakuelewa. "Tangu kabla ya masika ya mwaka jana. Pembeni kuliingia giza kwanza. Katikati nilikuwa naona. Sasa napo panafifia."

"Na ulikuwa unaendesha?"

"Barabara naifahamu."

"Barabara unaifahamu. Na watu waliomo?"

Akaifuta injini vumbi kwa kiganja. Mfereji ulikuwa ukipiga kelele nyuma ya nyumba, na ndani mtori ulikuwa unapoa. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuambia, ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo."

Nilidhani atasema neno la kututia moyo, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Badala yake aliuliza, "Rangi gani?"

"Rangi ya nini?"

"Cheche. Ni ya buluu au nyekundu?"

Nilikasirika, nusura niiache plagi nikaingie ndani. Lakini aliuliza kama mtu mwenye kiu anavyoomba maji. "Nyekundu," nikamwambia. "Hafifu."

"Basi umeme upo, lakini unavuja mahali. Fungua kile kifuniko cha pembeni. Ndani utaona vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga. Ndizo platini. Niambie zinafanya nini nikipiga kiki."

Nimezoea kutia uzi kwenye sindano. Vitu vidogo havinisumbui. Nikaviona vile vyuma, na kila alipopiga kiki moto ulitapakaa pale katikati, mkali kuliko ule wa kwenye plagi. Nikamweleza. Akapitisha ncha ya kidole juu yake, akaguna.

"Zimeungua. Kondensa imekufa. Yenyewe ndiyo inayomeza umeme wa ziada usirukie hapa. Ikipata joto inashindwa kabisa." Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea, "Miezi yote hii nilikuwa nalaumu koili."

Tuliteremka Moshi kwa basi. Kwanza nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba dawa ya matone ingemsaidia kubakiza kidogo kilichosalia. Mume wangu alimshukuru, akauliza dawa inawekwa mara ngapi, basi. Nje akaniambia, "Sasa twende Njoro."

Fundi wa Njoro, mtaa wa mlemle Moshi, aliyekuwa akimtengenezea pikipiki, hakuwa na kondensa ya pikipiki. Alitung'olea moja kwenye gari bovu lililokuwa uani kwake, akasema haitaingia ndani ila tunaweza kuifunga nje, chini ya tangi. Njiani kurudi mume wangu aliishika mkononi, anaigeuzageuza. Nilikaa upande wa dirishani. Tulipofika Himo alinishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipoteremka.

Kesho yake nilifunga mimi, yeye akaelekeza. Platini nilizisugua hadi zikang'aa, na nafasi katikati yake nikaipima kwa kadi ya kliniki ya kitinda mimba wetu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na unene uliotakiwa. Kisha nikashika plagi, akapiga kiki.

"Ya buluu," nikamwambia.

"Nimeisikia," akasema. Kweli ilikuwa inalia, tak, tak, kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Akageuza uso, nami nikajifanya natafuta spana.

Kuendesha alinifundisha yeye mwenyewe, kwenye uwanja wa shule ya msingi, siku ambazo wanafunzi walikuwa likizo. Nilivaa suruali yake ya zamani chini ya gauni. Alikaa nyuma yangu akisikiliza injini. "Inalalamika, shusha gia." "Sasa inakimbia bure, pandisha." Nilianguka, tukaanguka wote, tukainuka. Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza haoni haya kubebwa na mwanamke. Mume wangu akamjibu, "Mzee wangu, sote wawili tulianza kwa kubebwa na mwanamke." Yule mzee hakufurahi. Kwa muda mrefu hakunijibu vizuri nilipomwamkia shikamoo.

Safari yetu ya kwanza ya mbali ilikuwa Chekereni, walikokuwa waumini wachache wakulima wa mpunga waliomsubiri tangu pikipiki ilipoharibika. Joto la kule chini lilitupokea kama mvuke wa sufuria. Aliwahubiria chini ya paa la makuti, macho ameyafumba, nami nikakaa na akina mama nyuma. Mmoja wao akaninong'oneza, "Dada, ile pikipiki si nzito?"

"Ni nzito," nikamwambia.

"Na mlimani inapanda?"

Nikamwambia hilo bado sijalijua, ndiyo kwanza tumeteremka.