Ndimu Chini ya Magurudumu

Kila nikikamua ndimu hunijia harufu ya tairi jipya.

Kaka yangu alikuwa amemaliza kufunga springi fupi za kulishusha gari letu, pamoja na rimu za aloi, nje ya nyumba, Thornton Heath, ugenini tulikohamia kutoka Kampala. Zile springi ndefu alizozitoa, Baba alizifunga kwa gazeti, akasema zitahitajika. Mama akaweka ndimu mbele ya kila gurudumu, zikanyagwe kwanza kuondoa husuda, kama tulivyofanya Kampala kwa kila gari jipya.

Baba akapiga magoti, akajaribu kupenyeza ngumi chini ya gari. Haikupita. Habari za magari alizisema kwa Kiswahili tu, kama alivyozoea gerejini kwake Kampala.

"Hii itapitaje njia ya Masaka mvua ikinyesha?"

Kaka alikuwa akijifuta grisi. "Baba, haturudi."

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo.

Baba akasimama, akajipangusa magoti. "Haya, washa."

Gari likasogea, ndimu zikapasuka. Mama alipiga makofi peke yake.

Asubuhi nikienda shule niliziona springi kando ya pipa la taka, bado zimefungwa kwenye gazeti.