Siku Nilipofuta Ng'ombe wa Baba

Nitawasimulia, ila mkicheka chekeni kwa adabu, maana pale kwetu Nyamwaga mpaka leo kuna watu wakiniona nashuka kwenye bodaboda wanainua simu zao juu na kuniuliza kama wazime data, na mimi nacheka nao huku roho inaniuma.

Yote yaliletwa na kiherehere changu. Mimi ni Bhoke, nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi huku Nkende, na kwa sababu hiyo tu familia nzima inaniona mtaalamu wa kompyuta (nami sikuwahi kuwakatalia). Mama yetu, Ghati, alipokaribia kutimiza mwaka tangu afariki, nikasema picha za familia zimetawanyika mno, nyingine kwangu, nyingine kwa dada anayeishi Mugumu, nyingine kwa kaka yangu Mwita anayefanya kazi Nyamongo, basi nikaziunganisha kompyuta zetu zote kwa mtandao, folda moja, ukiweka picha kwako inatokea kwa wote, ukifuta kwako inafutika kwa wote, na nikaziseti zisibakize chochote kilichofutwa ili nafasi isijae. Nilijiona waziri.

Nafasi ikajaa hata hivyo. Kuangalia kilichojaza, nikakuta ng'ombe. Mwita tangu apate simu nzuri, kila akienda nyumbani anampigia baba picha za ng'ombe wake, kisha anazihamishia zote kwenye kompyuta ili simu isijae, ng'ombe kwa mbele, ng'ombe kwa nyuma, ng'ombe anakunywa maji, ng'ombe anatazama tu (mimi mtoto wa kuzaa sijawahi kupigwa picha nyingi namna ile). Nikaandika kwenye grupu la familia kwamba nafanya usafi. Mwita akajibu, "Usiguse ng'ombe wa baba." Nikamjibu, "Hii ni albamu ya familia, siyo mnada." Nikazichagua zote kwa pamoja, bila kufungua hata moja, nikafuta, nikaenda kunywa chai.

Siku ya kumbukumbu ikafika. Turubai limefungwa uwanjani, tivii kubwa nimeikodi mwenyewe, mchungaji yupo, wakwe wapo, na mimi na viatu vyangu virefu natembea juu ya samadi nikiwa na maiki mkononi. Nikawatangazia watu kwamba sasa tutamwona mama yetu katika maisha yake, nikabonyeza.

Nikatokea mimi na joho la kuhitimu. Nikatokea mimi na keki. Akatokea dada na shela, halafu mimi na lile lile joho, upande wa pili. Mama alitokea mara ya kwanza nyuma ya keki yangu, nusu ya kilemba, na mara ya pili kwenye picha ya kitambulisho niliyoikuza mpaka uso ukawa madoa matupu. Kisha nikarudi mimi. Shangazi yangu, aliyekaa mstari wa mbele, akamuuliza jirani yake kwa sauti ya kumtosha kila mtu, "Kwani hii kumbukumbu ni ya Ghati au ya Bhoke?"

Baba akainua fimbo. "Weka zile za ng'ombe."

Nikamwinamia, nikasahau kwamba maiki iko hewani. "Tata, leo ni siku ya mama. Ng'ombe tuwaache kidogo."

"Mama yenu yuko huko kwenye ng'ombe."

Ndipo ikaniingia akilini. Mama hakuwa mtu wa kupigwa picha, akiona simu anageuka au anajifunika kanga. Ila simu ikielekezwa kwa ng'ombe alikuwa hajali, alijua anayepigwa ni ng'ombe, kwa hiyo aliendelea kukamua, kuvuta ndama, kumgombeza yule dume mweusi, na Mwita anabonyeza tu. Picha zote nzuri za mama zilikuwa na ng'ombe mbele.

"Nimezifuta," nikasema.

"Kwenye kompyuta yako," Mwita akasema.

"Kwenye zote."

Baba akanitazama. "Umemfuta mama yako?"

"Nimefuta ng'ombe, tata."

"Sijakuuliza ng'ombe."

Na maiki ilikuwa bado iko hewani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwita ndiye aliyekumbuka kwamba kompyuta yake iliungua chaja siku nyingi, haijawashwa, na ameibeba kwenye begi ili nimtafutie chaja nyingine mjini, maana yake haijapata ile amri yangu ya kufuta. Nikachomoa chaja yangu nikamchomekea. Ikawaka. Tukafungua folda, mama yule pale, ameinama chini ya ng'ombe wa madoa, nikaanza kulia kwa furaha. Picha ikapotea. Inayofuata nayo ikapotea. Kompyuta ilikuwa imepata mtandao, na sasa inanitii.

"Zimeni data," nikapaza sauti kwenye maiki, "wote zimeni data," na wazee wakaanza kupapasa makoti, mchungaji akazima ya kwake, mzee mmoja mwenye simu ya tochi akachomoa betri kabisa, na picha bado zinatoweka, mpaka Mwita akaniuliza taratibu, "Na ya kwako?" Yangu ilikuwa kwenye pochi begani, inarusha mtandao tangu asubuhi (na aliyeifundisha kompyuta ya Mwita kuitambua simu yangu ni mimi mwenyewe, Krismasi). Zipu ikagoma. Baba akamwambia kijana wake, "Mura, kimbia nayo," na Mwita akaibeba kompyuta wazi mikononi akapotelea kwenye migomba, na mimi nikavua viatu nikakimbilia upande wa pili na pochi yangu, wageni wakabaki hawajui wamfuate nani.

Zilizopona hazikufika nusu. Tulipoziweka kwenye tivii baba alisimama kando yake na fimbo, na mtu yule anayejua kila ng'ombe wake na mama wa ng'ombe huyo hakumtaja hata mmoja. "Huyu Ghati," akasema, akionyesha mkono kwenye kiwele. "Huyu Ghati," kipande cha kanga nyuma ya mkia. Shangazi akawa analia. Mwishoni baba akanigeukia. "Kuna moja alikuwa anacheka. Hiyo ipo?"

Haikuwepo.

Sasa folda anaisimamia Mwita, na mimi picha zangu za joho nimekabidhiwa kwenye flashi nikae nazo kwangu. Na sifuti kitu tena. Mtu akinitumia picha ya ng'ombe, hata ng'ombe wa watu nisiowajua, naikuza kwanza, naangalia nyuma ya mkia, naangalia chini ya tumbo, ndipo naiacha pale pale ilipo.